Kicheko kinachotangulia

Neno "zilipendwa" lina kasoro ndogo ambayo hakuna anayeijali. Ile -li- ya katikati inatangaza kwamba penzi limekwisha: zilipendwa, enzi hizo, na watu wa enzi hizo. Lakini hebu mtazame mtu anayelitamka. Macho yanamng'aa, mikono inaanza kuigiza, anatafuta simu akuonyeshe kipande. Huyo haongelei penzi lililokwisha. Sarufi yenye ukweli ingesema "zinapendwa tangu zamani", ila jina hilo ni refu mno kwa kipindi cha redio.

Muziki wa zamani una mawakili wa kutosha. Watakueleza habari za magitaa, za wapiga tarumbeta, za mashairi yaliyokuwa na adabu. Filamu za kuchekesha hazina bahati hiyo. Mtu mzima akikutwa sebuleni peke yake anamtazama paka akichapwa kikaango cha uso, hujitetea haraka haraka: "Ah, nakumbuka tu utoto." Kana kwamba kinachochekesha ni utoto, na paka ni kisingizio. Utetezi huo umenichosha, nami nimeutumia kwa miaka mingi. Naona tunaupa utoto sifa isiyo yake, huku tukiwanyima sifa watu waliokaa wakihesabu picha moja moja ili wajue paka aning'inie hewani kwa muda gani kabla hajagundua kwamba chini yake hakuna sakafu.

Nakubali kwamba kumbukumbu si shahidi wa kuaminika. Hii hamu ya mambo ya kale ilizaliwa ikiwa ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari kutoka Uswisi, Johannes Hofer, alichukua maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu, akayaunganisha kuwa nostalgia: jina la maradhi ya mtu aliye mbali na kwao, ambayo baadaye yalihusishwa sana na askari wa Uswisi waliopigana vita vya kukodiwa katika nchi za wengine. Tiba iliyoaminika ilikuwa kumrudisha mgonjwa alikotoka. Mgonjwa wa leo hana tiba hiyo, maana anakokulilia si mahali. Hakuna nauli ya kumfikisha kwenye mwaka aliokuwa na miaka 8.

Na hata angefika, asingekuta alichokiacha. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Uingereza, alionyesha katika kitabu chake cha 1932 kwamba kumbukumbu haitolewi ghalani kama gunia, bali hujengwa upya kila inapoitwa, na mjenzi huziba mapengo kwa matofali yoyote yaliyo karibu. Ushahidi ninaoupenda upo ndani ya Home Alone ya mwaka 1990, ile filamu ya mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani. Mle kuna filamu ya majambazi, nyeusi na nyeupe, ambayo yule mtoto anaitumia kuwatisha watu wanaokuja mlangoni. Niliwahi kubishana na rafiki yangu usiku kucha kwamba nimewahi kuiona filamu ile nzima, na kwamba ilikuwa nzuri. Haipo. Kipande kile kilipigwa makusudi kwa ajili ya Home Alone, na nje ya hapo hakuna kitu. Nilikuwa nimeitungia mwanzo, katikati na mwisho, nikaipenda.

Wenye kazi wenyewe hufanya yayo hayo. Chaplin alitoa The Gold Rush mwaka 1925, kisha mwaka 1942 akairudisha sokoni ikiwa na muziki, sauti yake mwenyewe ikisimulia, na busu la mwisho likiwa limekatwa. Mtu aliyeitengeneza alitazama nyuma akaona afadhali mambo yangekuwa vingine. Sisi watazamaji tutalaumiwaje?

Basi shahidi ni mwongo. Hata hivyo, katika vichekesho uongo wake una mpaka, na mpaka huo unatokana na namna kichekesho kinavyofanya kazi.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio mjini Paris picha zao zinazotembea. Mojawapo ilikuwa kichekesho kisichofika dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira. Kijana anakuja nyuma yake, anaukanyaga mpira. Maji yanakatika. Mtunza bustani anashangaa, anainua mdomo wa mpira, anauchungulia kwa jicho moja. Kijana anataka kuondoa mguu.

Sina haja ya kuendelea. Umeshatabasamu, na maji bado yamo ndani ya mpira.

Zaidi ya miaka 100 ya sinema za kuchekesha imeota kutoka kwenye mguu ule. Kamera imetuonyesha sisi mguu, haikumwonyesha mtunza bustani. Kicheko chetu hakisubiri maji, kinayatangulia. Linganisha na filamu ya kusisimua. Humo ukishajua muuaji ni nani, umemaliza. Ukiitazama tena unatazama mavazi na magari. Kichekesho hukuambia tangu mwanzo nani atalowa. Siri hakuna. Mtazamaji wa vichekesho ni mtazamaji wa marudio hata siku ya kwanza, kwa hiyo mara ya 100 haiko mbali sana na mara ya kwanza kama tunavyodhani. Ndiyo maana ndugu hao walilirudia igizo lile, wengine wakaliiga upesi, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio kwa sababu alikuwa anajua mwisho.

Watoto wanalijua hili bila kufundishwa. Mtu mzima huomba filamu mpya. Mtoto huomba ileile, kipande kilekile, na ukikiruka kidogo kipande hicho atakurudisha. Wazazi huona ni usumbufu. Mimi nadhani mtoto ndiye anayetazama kwa namna sahihi zaidi, maana ameshika jambo ambalo watengenezaji walilikusudia.

Chukua Stan Laurel na Oliver Hardy, yule mwembamba na yule mnene, katika filamu yao fupi ya 1932 ya kupandisha piano. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya kwanza kutolewa kwa filamu fupi ya vichekesho, na hadithi yake yote inaenea kwenye ganda la kiberiti: watu wawili, kasha lenye piano, ngazi ndefu. Kasha linapanda, kasha linateremka. Linapanda tena. Ukiliona limefika katikati, mwili wako mwenyewe unaanza kujikaza, kwa sababu unajua. Anapotokea mwanamke na kigari cha mtoto akiomba njia, unajua zaidi. Kisha, wakiwa wamefika juu wakitweta, tarishi wa posta anawaambia kwamba kulikuwa na barabara ya kuzunguka, wangeweza kuja na mkokoteni wao hadi mlangoni. Wanatazamana. Wanaona mzee amesema la maana. Wanalibeba kasha na kuliteremsha ngazi zote, ili walilete upya kwa njia iliyo rahisi.

Nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kutaja idadi. Mshangao haupo. Kilichopo ni ile sekunde ya kutazamana, pale ambapo ujinga unawaingia usoni polepole kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Kila mara naona kitu kidogo ambacho mara iliyopita nilikuwa nimekicheka badala ya kukitazama.

Kuna hesabu moja inayonishangaza mpaka leo. Mr. Bean, yule wa mtu mwenyewe na si wa katuni, ana vipindi 15 tu. Cha kwanza kilirushwa tarehe 1 Januari 1990, na kufikia 1995 kazi ilikuwa imekwisha. Vyote ukivipanga mfululizo havifiki saa 7. Muulize mtu yeyote aliyekua navyo, atakwambia vilikuwa mamia. Hadanganyi. Aliona mamia, ila mamia yenyewe yalikuwa 15 yakizunguka. Rowan Atkinson na wenzake walitengeneza kitu kidogo, kigumu, kisicho na maneno mengi ya kutafsiri, na marudio yakakipanua kikajaa utoto wa watu katika nchi ambazo hawakuwahi kuzifikiria.

Hapa pia ndipo madai ya "filamu za utoto wangu" yanapoanza kupwaya. Tom na Jerry walianza mwaka 1940 katika studio ya MGM, chini ya William Hanna na Joseph Barbera. Wawili hao walitengeneza katuni 114 za jozi hiyo hadi 1958, zikashinda Oscar 7. Hazikutengenezwa kwa ajili ya televisheni wala kwa ajili ya watoto peke yao. Zilikuwa za majumba ya sinema, kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wazima waliovaa kofia. Mtoto aliyezitazama mwaka 1985 akaziita zake alikuwa anatazama simu za mezani, majiko, nguo na magari ya ujana wa babu yake. Alikuwa anapenda zilipendwa za mtu mwingine. Studio ilipofunga idara yake ya katuni mwaka 1957, Hanna na Barbera walihamia kwenye televisheni, ambako fedha zilikuwa chache na michoro ikapunguzwa: mhusika anasimama tuli, mdomo peke yake unacheza. Hizo nazo zina wapenzi wao na sitaki ugomvi nao. Ila mtu akiniambia katuni za zamani zilikuwa na uhai zaidi, namuuliza za zamani ipi, maana tofauti anayoihisi mara nyingi ni ya bajeti kuliko ya karne.

Ukitaka kuisikia tofauti hiyo, fumba macho katuni moja ya miaka ya 1940 ikiendelea. Scott Bradley, mtunzi wa muziki wake, aliandika nota kwa kila hatua ya paka: vidole vikinyata ni nyuzi, mkia ukikanyagwa ni tarumbeta. Okestra nzima inamfuata panya jikoni. Halafu ule ukelele wa Tom, ule wa maumivu unaokatika ghafla: koo lake ni la Hanna mwenyewe. Bosi alisimama mbele ya kipaza sauti akapiga yowe, na yowe lile limetumika mpaka likawa la wote.

Nirudi kwenye miili, maana hapo ndipo filamu za zamani zinapostahili wivu. Wachekeshaji wa enzi ya filamu zisizo na sauti walipenda kamera isimame mbali, mtu aonekane kutoka kofia hadi kiatu. Haikuwa ushamba wa teknolojia. Ukimkata mtu katikati, ukaonyesha mguu, kisha uso, kisha tope, unamwambia mtazamaji kwamba kaanguka. Ukimwonyesha mzima, mtazamaji ameona mwenyewe. Mwaka 1928 Buster Keaton alisimama mbele ya nyumba katikati ya tufani ya kuigiza, na ukuta mzima wa mbele, unaokadiriwa kuwa na uzito wa tani 2, ukamwangukia. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Alisimama mahali palipopimwa, dirisha likapita juu yake kama shati linavyovalishwa mtoto, na ukuta ukapasuka ardhini akiwa bado wima. Hakukuwa na ujanja wa maabara. Angekosea hatua moja tusingekuwa na la kuzungumza.

Na hata hilo lilikuwa marudio. Alishalifanya dogo zaidi mwaka 1920, katika filamu ya nyumba ya kuunganisha mwenyewe. Wachekeshaji hawaoni haya kujiiga. Hutafuta ukuta mzito zaidi. Harold Lloyd alining'inia kwenye mkono wa saa juu ya barabara mwaka 1923, ilhali mkono wake wa kulia ulikuwa umepoteza vidole viwili katika ajali ya bomu la kuigizia mwaka 1919. Jackie Chan, ambaye hajawahi kuficha deni lake kwa wazee hao, naye akaning'inia kwenye saa ya mnara mwaka 1983, kisha akaachia. Ukimtazama Chan unacheka na Lloyd, hata kama hujawahi kusikia jina la Lloyd.

Kwa hiyo nikisema hizi filamu ni nzuri, sisemi kwa sababu nilikuwa mdogo. Nilikuwa mdogo, na zilikuwa nzuri; ni mambo mawili yaliyokutana.

Lakini ukubwa unabadilisha upande. Hili sikulitegemea. Nikiwa mtoto nilikuwa na Jerry bila masharti. Siku hizi najikuta na Tom. Ana kazi, ana bosi, akishindwa kumkamata panya atafukuzwa nyumbani, na anayemhujumu ni mpangaji asiyelipa kodi mwenye muda mwingi wa kupanga mitego. Kwenye Home Alone nilikuwa nahesabu majambazi wamepigwa mara ngapi. Sasa nahesabu mifupa, halafu nawaza nani atalipia ukarabati wa ile nyumba.

Kwa Mr. Bean mambo ni mazito zaidi. Kuna kipindi anakwenda mkahawani peke yake siku ya kuzaliwa. Anakaa, anatoa kadi, anaiandika, anaitia kwenye bahasha, anaiweka kando. Kisha anageuka, anaiona, anashangaa kwa furaha, anaifungua, anaisimamisha mezani. Nilipokuwa na miaka 9 hicho kilikuwa kituko cha kuanzia tu, cha kusubiria mzaha wenyewe: ile nyama mbichi aliyoagiza bila kujua na anavyoificha kila mahali, mpaka kwenye mkoba wa mama mmoja. Nilipoitazama miaka ya karibuni sikuvuka kadi. Nilisimamisha. Mtu mzima, siku ya kuzaliwa, anajiandikia kadi na kujishangaza nayo. Atkinson amemweleza mhusika wake kuwa ni mtoto aliye ndani ya mwili wa mtu mzima. Mtoto anamwona mwenzake, basi anacheka. Mtu mzima anaona ni nani hakuja mezani. Kadi ni ileile. Kilichoongezeka ni wewe.

Nitapita haraka kwenye lawama ya kwamba vichekesho vya siku hizi havichekeshi. Kila kizazi kimesema hivyo, na waliosema hivyo wakati wa filamu za sauti walikuwa wanawalilia hao hao wasio na sauti. Nilicho nacho ni lalamiko dogo kuhusu simu. Kipande cha sekunde 20 kinachosambazwa kinaanza pale mpira wa maji unapochunguliwa. Mguu umekatwa. Tunapewa maji matupu na kuambiwa ndicho kichekesho, kisha tunajiuliza mbona hatucheki kama zamani.

Upande wa pili, watu huziona filamu za zamani kuwa zinajivuta. Wana haki kidogo. Nyingi ziliachiwa mapengo makusudi. Ndugu wa Marx, kundi la wachekeshaji wa Kimarekani, kabla ya kupiga filamu yao ya 1935 ya jumba la opera, walizungusha vituko vyake jukwaani mbele ya watu ili wapime kila kicheko kinachukua muda gani, wasije wakazungumza juu yake. Robert Provine, Mmarekani aliyetumia miaka akichunguza kicheko, alikuta kwamba watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Basi ukiitazama filamu ile peke yako, na visikio masikioni, yale mapengo yanabaki matupu. Waigizaji wanakusubiri umalize kucheka na watu ambao hawapo.

Liko jambo ambalo mapenzi hayapaswi kulifunika. Katika zile katuni za Tom na Jerry kuna mtumishi wa ndani, mwanamke mweusi, ambaye karibu siku zote tunamwona kuanzia kiunoni kushuka chini, akiongea kwa lafudhi ya kubezwa. Baruti ikimlipukia paka usoni, mara kadhaa uso hugeuka kuwa kejeli ya mtu mweusi. Tuliviona hivyo tukiwa watoto na tukacheka pamoja na vingine vyote. Miaka ya 1960 matoleo ya televisheni yalimchora upya yule mwanamke akawa mweupe, maana yake yapo makundi mawili ya watu wanaokumbuka katuni moja yenye nyumba mbili tofauti. Siku hizi baadhi ya matoleo hutanguliwa na onyo. Napendelea onyo kuliko mkasi. Ukikata, unanipa utoto safi ambao sikuwa nao.

Gumu zaidi kwangu ni ile filamu ya 1980 ya chupa inayodondoka kutoka kwenye ndege hadi Kalahari. Jamie Uys, Mzungu wa Afrika Kusini, aliitengeneza wakati wa ubaguzi wa rangi, na ikawaonyesha Wasan kuwa watu wasiojua shari wala mali, wanaoishi nje ya historia. Wakati huohuo Wasan wa kweli walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi, na huko Namibia wengine walikuwa wakiandikishwa kwenye jeshi la Afrika Kusini. Hakuna busara ya "zama zake" inayofuta hilo. Watu wa zama zilezile walilisema. Pamoja na hayo, N!xau, Mnamibia aliyeibeba filamu ile kwa uso wake, ana utulivu ambao Keaton angeutambua: anavyoitazama chupa, anavyomtazama mtu anayempigia kelele. Nacheka naye bado. Filamu iliyomzunguka siicheki tena kwa raha. Sijapata namna ya kuvitenganisha, na nina wasiwasi na yeyote anayesema ameweza.

Pengine hamu hii inahitaji kuhukumiwa kwa kazi inayofanya kuliko kwa ukweli wake. Uchunguzi wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki zikiwa kamili katika umbo lake la awali. Nyingi kati ya zile nyingine ziliungua, zilioza, au zilitupwa na wenye nazo kwa kuwa rafu zilihitajika. Televisheni haikujifunza. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960, zikiwemo sehemu kubwa za vichekesho vya Peter Cook na Dudley Moore, kwa sababu kanda ilikuwa ghali na ingeweza kurekodiwa juu yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walidhani kichekesho kikishachekwa kimekwisha.

Keaton aliokolewa na watu waliodhani vinginevyo. Filamu yake ya 1926, ya garimoshi, iliyomgharimu daraja na injini halisi vikaporomoka mtoni, ilifanya vibaya sokoni, na muda si mrefu akawa amepoteza uhuru wa kujiamulia. Alikunywa, akasahauliwa. Mwigizaji wa Kiingereza James Mason alikuja kununua jumba lililowahi kuwa la Keaton, na katika miaka ya 1950 akakuta humo makopo ya filamu zilizofichwa. Nakala zikaanza kuzunguka tena. Mwaka 1965, kwenye tamasha la Venice, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Alifariki Februari 1966. Mwaka 1989 filamu ile ya garimoshi ilikuwa miongoni mwa 25 za kwanza kuingizwa katika rejesta ya taifa ya filamu ya Marekani. Waliompigia makofi Venice, wengi wao walikuwa wanamkumbuka. Na wako waliokuwa wanamwona kwa mara ya kwanza. Sidhani kama mtu aliyekaa nyuma yao angeweza kuwatofautisha kwa makofi.

Majuzi nilimkalisha mpwa wangu wa miaka 7 mbele ya ule ukuta. Aliuliza kwa nini hawaongei. Akauliza kwa nini hakuna rangi. Tufani ikaanza, akanyamaza. Ukuta ukaanguka, naye akafunika mdomo kwa mikono miwili, macho yakiwa kwangu kutaka kujua kama inaruhusiwa kucheka.

"Mjomba, rudia."

Nikarudia. Mara ya tatu alikuwa amesimama mahali hasa ambapo Keaton amesimama, mikono ikining'inia, uso mkavu. Mara ya nne alicheka kabla ukuta haujaanza kuinama.

"Yupo bado?" akauliza.

Nikamwambia alikufa siku nyingi, mimi mwenyewe nikiwa sijazaliwa.

Akatazama skrini. "Huu ukuta ndio ulimpata?"

"Hapana. Huu haukumpata."

"Basi rudia."